Kilo 112, miaka 61: foili ya mota nianze na kifaa gani?

SWALI: "Nina miaka 61, naishi Diani. Uzito wangu kilo 112, urefu mita 1.78. Ujanani nilikuwa mtu wa bahari: ngalawa za babu, halafu kaiti (ubao unaovutwa na tiara) kwa miaka kama kumi, mpaka goti la kulia likanikataza. Kijana wangu anafanya kazi Perth, Australia. Yeye ana kilo 74 na anateleza kwenye mawimbi kwa foili (mlingoti wenye mabawa ya chini ya maji, unaofungwa chini ya ubao) iliyofungwa kimota. Anakuja Disemba, na kwa kuwa anataka kununua vipya, ataniachia vya kwake: ubao wa lita 85, bawa la mbele la sentimita za mraba 1,200, mlingoti wa kaboni wa sentimita 85, mota na betri. Anasema nisihofu, mota itanibeba. Je, nipokee? Kama sivyo, ninunue nini? Sijawahi kupanda foili hata siku moja."

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Pale kijana aliposema mota itakubeba nilicheka kidogo, kwa sababu maneno hayo niliwahi kumwambia mtu mimi mwenyewe, na nikaaibika.

Nianze na uamuzi, sababu zifuate. Pokea mota na mlingoti. Ubao na bawa mwambie aviuze hukohuko Perth, na pesa hiyo iende kwenye bawa kubwa na ubao wa kiwiliwili chako. Betri asijaribu kuitia kwenye begi la ndege. Na kabla ya yote hayo, tafuta saa tatu au nne za kujifunza juu ya chombo kisicho chako.

Sasa hilo la kubebwa. Mota haibebi mtu. Kinachobeba ni bawa lililo chini ya maji. Kazi ya mota ni kusukuma mpaka maji yapite juu ya bawa kwa mwendo wa kutosha. Nguvu ya bawa hutokana na eneo lake na mwendo, ila mwendo una uzito zaidi: ukienda kasi maradufu, bawa lilelile linainua mara nne. Kwa hiyo mtu mzito ana njia mbili tu, ama bawa kubwa ama mwendo mkubwa, na mwendo ndio ghali.

Tupige hesabu ya kalamu. Wewe na ubao, foili, mota, betri, helmeti na jaketi iliyolowa mnafika karibu kilo 130. Kijana wako na mzigo wa namna hiyohiyo ni kama 91. Bawa la 1,200 likifanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake humwinua yeye kwenye kilomita 15 kwa saa. Wewe juu ya bawa hilohilo unataka karibu 18. Kilomita tatu barabarani si kitu. Majini, wakati ubao bado umelala tumbo na unalima, hizo tatu ni mlima. Ukipanda bawa la 2,000, wewe na kilo zako unainuka kwenye 14, mapema kuliko kijana na bawa lake. Na ukitaka kuwa sawa naye kabisa, kilo kwa kilo, bawa lako linatakiwa kuwa kama la 1,700.

Hiyo aibu yangu ilikuwa hivi. Alinijia mteja wa makamo, kilo mia na kitu, mgongo wa mtu aliyebeba magunia. Nilikuwa na bawa moja dogo, nikamfungia, nikamwambia we' bonyeza tu. Asubuhi nzima ubao ulilima maji, mota ikalia, betri ikaisha, akatoka akasema mchezo huu ni wa watoto. Siku ya pili nikaazima bawa kubwa kwa jirani. Mota ileile, betri ileile. Jaribio la tatu mtu akawa hewani. Tangu siku hiyo mteja akinitajia mota kwanza namuuliza kilo.

Na uzito si dhambi, nisieleweke vibaya. Mwaka 1919 Alexander Graham Bell, huyuhuyu wa simu, na wenzake waliipandisha HD-4, chombo cha zaidi ya tani 4, juu ya mabawa ya majini kule Nova Scotia, Kanada, kikakimbia kilomita 114 kwa saa. Maji hayajali wewe ni nani.

Bawa dogo linakula betri pia, na hapa ndipo watu hawaunganishi mambo. Kimota cha msaada, kama hicho cha kijana wako, kinavuta kama kilowati 2 ukikibana mpaka mwisho. Ukiinuka kwa sekunde 10 umetumia wati-saa 5 au 6. Ukihangaika sekunde 20 halafu ukaanguka, umetumia 11 na huna kitu. Betri ya wati-saa 500 kwa mwenye bawa sahihi ni safari nyingi za kuinuka, labda themanini kwenye karatasi; kwa mwenye bawa dogo ni nusu ya hizo, na nyingi zitaishia majini. Tena mota inayokaa muda mrefu kwenye nguvu ya mwisho inapata moto, na kidhibiti chake kitapunguza nguvu chenyewe kujilinda. Utafikiri imeharibika, kumbe imechoka.

Basi nunua bawa la mbele kati ya 1,900 na 2,200. Umbo lake nalo uliangalie, usitazame namba ya eneo peke yake. Mabawa marefu membamba, yale yanayofanana na ya ndege wa baharini, yanateleza mbali sana kwa nguvu kidogo, lakini ukipunguza mwendo kupita kiasi yanakuangusha ghafla bila salamu. Mafupi mapana yanakuonya kwanza. Watengenezaji hutaja uwiano wa urefu na upana: tafuta 6 mpaka 8, achana na 10 na zaidi. Bawa hilo likiwa kubwa lina tabia yake moja: ukienda kasi linataka kupanda juu kila saa, na mguu wa mbele unafanya kazi ya kulikandamiza. Usilaumu kifaa, punguza mwendo. Baada ya mwaka mmoja utaweza kushuka mpaka 1,600 hivi kwa siku za mawimbi, na lile kubwa utalipenda siku za bahari shwari.

Bawa la nyuma chukua lililo kubwa kwenye seti yao, na ile fimbo inayounganisha mabawa mawili iwe ndefu. Foili fupi inageuka vizuri na inamtupa mwanagenzi vizuri vilevile.

Ubao. Lita 85 kwa kilo 130 ni kusimama kwenye sinia ndani ya maji: utakuwa umezama mpaka mapajani, na mota itaanza kazi kwa kukuibua kutoka chini. Ili muelee tu bila kuzama, wewe na vyombo vyote, unahitaji karibu lita 130. Mimi nakushauri 135 mpaka 145, urefu wa sentimita 185 mpaka 200, upana 70 au zaidi kidogo. Utaambiwa na vijana kwamba ubao huo ni jahazi. Waache waseme. Ubao mrefu unapasua maji mapema, na mpana unakupa muda wa kupanga miguu. Ukiisha kuinuka, ubao uko hewani. Ukubwa wake unakusumbua kwenye kona tu, na wewe kwa mwaka wa kwanza kona si biashara yako.

Jambo la kuuliza kabla ya kulipa: je, ubao umeimarishwa pale reli za mlingoti zinapofungwa? Mtu wa kilo 112 akitua vibaya, nguvu yote inakwenda kwenye sentimita chache hizo. Nimeona mbao nyepesi nzuri zikinyofoka reli. Za kupuliza kwa hewa ni raha kubebwa na zinahurumia mbavu, ila kwa uzito wako zinapinda katikati, na foili isiyojua ubao uko wapi haiendesheki.

Kuhusu mlingoti wa kijana, sentimita 85 ni mrefu kidogo kwa kujifunzia, ningependa 75. Lakini kama ni wa kaboni nzito iliyo ngumu, utunze, kwani kwa mtu mzito ugumu una thamani kuliko urefu. Mlingoti laini ukikanyaga kisigino unajipinda kwanza, halafu foili inaitikia umechelewa, nawe unadhani umezeeka. Ujaribu hivi: foili imefungwa, ubao umegeuzwa tumbo juu mchangani, shika ncha mbili za bawa uzisokote kama usukani. Ukiuona mlingoti unajizungusha waziwazi kwa nguvu ya mikono tu, muachie yeye na kilo zake 74. Alumini nene nayo si mbaya hata kidogo, ni ya bei nafuu na ngumu, ila chumvi yetu inaipenda. Pale alumini inapokutana na kaboni au skrubu za chuma cha pua, paka grisi ya baharini kila unapofunga, na usiache vimefungwa wiki nzima, vitashikana kama vimechomelewa. Skrubu zikaze upya baada ya dakika ishirini za kwanza majini. Wazito tunazilegeza haraka.

Mota hufungwa kwenye mlingoti kwa kishikizo kilichochongwa kufuata umbo la mlingoti ule. Kampuni kama Foil Drive ya Australia hutengeneza vishikizo vya aina nyingi, ndiyo maana mota na mlingoti visitenganishwe. Ikifungwa juu karibu na ubao, mota inatoka majini ukishainuka, wimbi linakuchukua bila breki. Ikifungwa chini inabaki majini na kuendelea kusukuma hata ukipepesuka. Wewe anza nayo chini, ukishazoea uipandishe kidogo kidogo. Propela zinazojikunja ukizima ni bora kwa mawimbi, ila zikague: mchanga ukiingia kwenye vifundo hazifunguki sawa na mota itatetemeka.

Rimoti ishike kwa mkono uliolowa kabla ya kuamua. Vidole vya umri wetu havipendi kitufe kigumu. Na elewa kwamba mawimbi ya redio hayapenyi maji: ukitumbukiza mkono wa rimoti, mota inakatika. Si ubovu, na mara nyingi inakuokoa.

Sasa betri, kwa sababu hapa kijana anaweza kuingia matatani. Sheria za ndege za abiria ziko wazi kuhusu lithiamu: betri mpaka wati-saa 100 inaruhusiwa mkononi, kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege, na ikizidi 160 haipandi kabisa, si begini wala mkononi. Betri yake imezidi hapo mara kadhaa. Ziko betri ndogo za safari zilizogawanywa vipande vya chini ya kiwango hicho, lakini kwa kilo zako ni chai bila sukari: utainuka mara chache, uanze kutazama mlango wa kutokea. Betri kubwa ije kwa meli kama mzigo wa hatari, ikiwa na karatasi zake, na wakala wa forodha aambiwe ni nini. Inaweza kuchelewa kuliko mtoto. Ianze safari mwezi wa nane.

Ikifika, ihifadhi ndani penye ubaridi, ikiwa na nusu ya chaji na si imejaa, na usiiache kwenye gari hapo Diani mchana. Ukitoka majini iache ipoe kwanza ndipo uichaji, tena juu ya sakafu ya saruji na mtu yuko macho. Isilale ikichaji chumbani kwa wajukuu.

Umeuliza ununue nini, nami nimesema kwanza ujifunze kwenye cha mtu. Hapa nataka utofautishe vitu viwili. Foili kamili ya umeme, kama Fliteboard au Lift, ina mota kubwa na betri ya kilowati-saa 1.5 mpaka 2 na zaidi ndani ya ubao. Inakwenda saa nzima au zaidi bila wimbi wala upepo. Kimota cha msaada ni cha kukuinua tu, ukishapanda unazima, wimbi linafanya lililobaki. Cha kwanza kinafaa kujifunzia kuliko kitu chochote nilichokiona, kwa kuwa mwendo ni mmoja, ubao ni mpana, na mwalimu anaweza kukupunguzia nguvu. Ila kina kilo 25 au zaidi, na bei ya kipya inanunua bodaboda sita saba. Kukibeba kutoka garini mpaka majini kwa goti lile, peke yako, sahau. Kikodishe na mwalimu. Ukiweza kuruka dakika tano mfululizo bila kuanguka, cha msaada kitakuwa rahisi. Ukianzia kwenye cha msaada unajifunza vitu vitatu kwa pamoja, na kilo 112 hazisamehe.

Kuna swali hukuliuliza, la mwili. Kusimama kwenye foili yenye mota kuna neema moja: huhitaji kuruka wima kama mpanda wimbi wa kawaida. Unaanza umepiga magoti, mota inasukuma, ubao ukitulia unaweka mguu mmoja, kisha wa pili. Ni kama kuinuka kutoka sijda. Kama unaswali chini na unainuka bila kushika kitu, mazoezi unayo tayari, na goti lako litaweza. Kama umeanza kuswali kwa kiti, tupange miezi miwili ya mazoezi kabla ya kununua hata skrubu: inuka kutoka mkekani mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, ukianza na mguu wa goti zima.

Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, zungumza na daktari wako kwa uwazi, kwa sababu ukingo wa bawa unakata, na pigo dogo la kichwa kwa mtu wa dawa hizo si dogo. Dawa za presha nazo zinaweza kukuletea kizunguzungu ukisimama ghafla. Na kama una kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mota ina sumaku kali na baadhi ya swichi za dharura ni sumaku pia: usiviegemeze kifuani unapobeba, kaa navyo mbali zaidi ya sentimita 15, na muulize daktari wa moyo kwanza.

Helmeti inayofunika masikio ni lazima. Jaketi la kukinga mbavu ni lazima pia, la saizi yako linalobana. Jua kwamba mengi ya hayo hayakufanywa kukuelekeza uso juu ukizimia, kwa hiyo usiende peke yako. Ukihisi unaanguka, achia kitufe cha rimoti kwanza, kisha jitupe ubavuni, mbali na ubao. Usijaribu kuokoa safari. Kamba ya kukuunganisha na ubao ifungwe kiunoni, isiwe ndefu ya mguuni inayoburura karibu na propela.

Diani yenyewe inakufaa, ukijua saa zake. Foili ya mlingoti wa 85 inataka maji ya kifuani, yasipungue. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alasiri na asubuhi saa nne ndani ya mwamba hapana kitu ila majani na mawe. Siku za maji mafu ni kinyume: maji yanakuwa ya kutosha asubuhi, hayajai sana wala hayapwi sana, na upepo bado mdogo. Chagua hizo. Kijana akija Disemba kaskazi itakuwa imeanza, nanyi mtapata asubuhi nzuri ndani ya mwamba. Ukingo wa mwamba wenyewe, panapovunja, usiukaribie msimu wa kwanza. Wimbi lako la kwanza la kweli ningelitafuta Malindi wakati wa kusi, ambako mwamba umekatika na wimbi linaingia ghubani bila hasira, ila si baada ya mvua kubwa: Mto Sabaki unaleta maji ya udongo na magogo usiyoyaona.

Kwenye majani ya bahari kuna kasa wanaokula, na eneo lako ni Hifadhi ya Bahari ya Diani-Chale. Nenda kaonane na wazee wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na ofisi ya hifadhi kabla ya kuwasha mota, uwaulize nyavu na madema yanakaa wapi mwezi huo. Ukishuka kusini kuelekea Kibuyuni kuna mashamba ya mwani: vijiti na kamba chini ya maji tu, vitakusimamisha wewe na kukata jasho la akina mama wa watu.

Kijana apime upana na unene wa mlingoti kwa kalipa, sentimita 10, 20 na 30 kutoka kwenye ubao, na atutumie vipimo pamoja na picha ya kishikizo cha mota. Kwa kuwa bawa jipya linaweza kuwa la kampuni nyingine na lisikae kwenye mlingoti wake, usilipe bawa lolote mpaka vipimo hivyo vije.